Ukitaja kitabu unachosoma, taja na ukurasa

Ndugu Mhariri,

Safu yako ya wasomaji kutaja vitabu walivyo navyo mkononi ni ya kupongezwa, hasa katika nchi yetu ya Uganda, ambako Kiswahili kimewekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini rafu zake madukani bado ni fupi kuliko mkono. Kasoro ni moja: jinsi barua zinavyoandikwa sasa, hazimsaidii anayetaka kukitafuta kitabu chenyewe. "Nasoma riwaya nzuri sana ya Kiswahili, inafundisha." Inafundisha nini? Ya nani? Mtu wa Soroti aipate wapi? Mstari wa namna hiyo ni salamu, na salamu zina ukurasa wake gazetini. Naomba nafasi nieleze mambo ambayo barua ya "ninasoma nini" inatakiwa kubeba, na sababu yake.

Nianze na jina la mwandishi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Fasihi ya Kiswahili ina akina Mohamed watatu kutoka Zanzibar ambao kila siku wanachanganywa. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano (1980). Muhammed Said Abdulla naye ndiye aliyemleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Msomaji akiandika "nasoma riwaya ya Mohamed", mwenye duka atampa mwenzake anayefuata ushauri huo kitabu chochote kati ya hivyo, na wote wawili wataona wametendeana haki. Adam Shafi naye kwenye majalada mengine ni Shafi Adam Shafi, kwa hiyo katika orodha za maktaba anaweza kutokea mara mbili kama watu wawili. Shaaban Robert, ambaye sote tunamwita kwa majina yote mawili kama neno moja, huwekwa chini ya herufi R katika orodha nyingi, na wapo wanaomtafuta kwenye S hadi wanakata tamaa. Dawa ni kuyaandika majina yote kama yalivyo kwenye ukurasa wa ndani wa kitabu. Jalada la nje hupambwa, la ndani halipambwi.

Hapo hapo nidokeze jambo kwa wanaokwenda maktaba. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa namba wa Dewey, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na vitabu kuhusu lugha yenyewe, yaani sarufi na kamusi, viko 496.392. Ni rafu mbili zilizo mbali sana kwa miguu. Aliyekwenda 496, akakuta kamusi mbili na kitabu cha ngeli, kisha akaondoka akisema maktaba haina vitabu vya Kiswahili, alisimama mahali pasipo pake. Maktaba nyingine huondoa riwaya zote kwenye namba na kuzipanga kwa jina la ukoo la mwandishi. Hapo ndipo unaporudi kule kwenye herufi R ya Shaaban Robert. Ukiwa na shaka muulize mkutubi kwa namba. Ukimuuliza "vitabu vya Kiswahili viko wapi" atakuonyesha vya shule.

Jambo la pili ni lugha na mfasiri. Mfano ulio karibu nasi ni kazi ya Okot p'Bitek wa Gulu. Msomaji akisema anasoma Wimbo wa Lawino, inabidi tujue anasoma upi. Kwa Kiingereza ulitoka mwaka 1966. Kwa Kiacholi, lugha ulimoanzia, ulichapwa mwaka 1969 kwa jina la Wer pa Lawino. Kwa Kiswahili ulifasiriwa na Paul Sozigwa, ukatoka mwaka 1975. Hizo ni safari tatu tofauti kwa msomaji, na Mwacholi aliyesoma ule wa kwao anaweza kumwambia msomaji wa Kiswahili mambo ambayo mfasiri hakuweza kuyavusha. Lakini hilo halitokei barua ikikaa kimya. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari nayo ilitoka mara mbili: ya mwaka 1963, na ile aliyoirekebisha na kuipa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Wasomaji wawili wakibishana juu ya sentensi moja huku kila mmoja ameshika nakala yake, wote wanaweza kuwa sahihi.

Ndiyo maana naomba kila barua itaje mwaka na toleo. Fungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu. Utakuta maneno mawili ambayo watu huyachukua kuwa kitu kimoja: toleo na chapa. Toleo jipya ni pale matini ilipopangwa upya, pengine tahajia ikasahihishwa, sura ikaongezwa, na kwa hiyo namba za kurasa zikahama. Chapa ya pili au ya tano ni kitabu kile kile kilichorudishwa mtamboni kwa sababu nakala zimekwisha, kurasa hazibadiliki. Kwa hiyo mtu mwenye chapa ya mwaka 1990 na mwenye chapa ya 2010 za toleo moja wanaweza kuambizana "tazama ukurasa wa 61" na wakakutana. Wenye matoleo mawili hawawezi, na inafaa waambizane sura. Vitabu vingine havisemi chapa kwa maneno, vina mstari wa tarakimu 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika. Katika mfano huu ni chapa ya tatu.

Ukurasa huo huo una namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kumwambia mwenye duka unachotaka. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Ya zamani ina 10. Baada ya 978 tazama kundi linalofuata: 9970 ni Uganda, 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Kabla hujapanga safari, namba hiyo imeshakuambia kitabu kimetoka upande gani wa mpaka. Kwetu namba hizi hutolewa na Maktaba ya Taifa. Ukiinakili kwenye ujumbe wa simu, ihakikishe hivi: chukua tarakimu ya kwanza kama ilivyo, ya pili zidisha kwa 3, ya tatu kama ilivyo, ya nne kwa 3, hadi ya kumi na tatu, kisha jumlisha zote. Jumla isipoishia na sifuri, umekosea mahali. Vitabu vilivyochapwa kabla ya miaka ya 1970 havina ISBN kabisa, kwa hiyo nakala kongwe za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, msizidai namba. Za namna hiyo zitambulisheni kwa jina la mchapishaji na mwaka.

Sasa nije kwenye ukurasa uliotajwa na kichwa cha barua hii. Kitabu kinachosomwa kina ukurasa kilipofikia. Anayetaja vitabu vitano na hataji ukurasa hata mmoja ametuonyesha rafu yake, na rafu haina uchangamfu. "Niko ukurasa wa 74 kati ya 190" inasema mengi: kwamba kitabu kinasomwa kweli, kwamba aliyeandika barua hajui mwisho na kwa hiyo hatatuharibia utamu, na kwamba wiki mbili baadaye tunaweza kumuuliza amefika wapi. Ikiwa amekwama, aseme amekwama wapi na kwa nini. Barua ya aliyekwama ina faida kuliko ya aliyemaliza.

Chukua mfano wa Euphrase Kezilahabi. Anayeanza na Rosa Mistika (1971) atasoma haraka. Hadithi inakwenda mbele kama mtumbwi, na kwetu tuliozoea Ziwa Victoria kutoka upande wa kaskazini, mandhari ya kisiwa chake cha Ukerewe si ya kigeni. Kisha anachukua Nagona (1990) au Mzingile (1991) akitarajia mtumbwi ule ule. Havikuandikwa hivyo. Matukio hayafuatani, wahusika hawana anwani, na ndoto inaingia bila kubisha hodi. Wapo wanaodhani mchapaji amekosea kupanga kurasa. Msomaji mmoja tu akiandika safuni kwamba kitabu kinataka kusomwa polepole, sura moja kwa kikao, na kwamba mkanganyiko wa mwanzo ndio mwendo wake, ameokoa nakala kumi zisiachwe katikati.

Kuna wanaosema wanasoma riwaya kumbe wanasoma mwongozo wake, vile vijitabu vya maswali na majibu ya mtihani. Tangu Kiswahili kiwekwe kwenye mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, biashara hiyo nayo itanona. Mwongozo si dhambi, ila una dalili zake kwenye barua: mwandishi anataja "dhamira kuu", "dhamira ndogondogo" na "matumizi ya tamathali", na hakumbuki mhusika alikula nini wala mvua ilinyesha lini. Mhariri, barua za namna hiyo zipeleke ukurasa wa elimu.

Linalohitaji nafasi kubwa zaidi ni ugumu wa lugha, kwa sababu kwa Mganda anayeanza kusoma Kiswahili kinachochapwa, hapo ndipo vita vilipo. Kiswahili cha sokoni na cha barabarani hapa kwetu kinavumilia "kitabu yangu" na "vitabu yote". Kitabuni ngeli ndiyo inayobeba maana. Tazama sentensi hii: "Mzee alichukua mkoba na kisu cha kijana; akakiweka mezani, akaurudisha." Kilichowekwa mezani ni kisu, kilichorudishwa ni mkoba, na hakuna neno jingine linalosema hivyo isipokuwa ile "ki" na ile "u". Aliyezoea "yake, yake" kwa kila kitu atapita hapo bila kujua nani amebaki na silaha, na katika riwaya ya upelelezi hilo ndilo lote. Ukipotea katika sentensi ndefu, usikimbilie kamusi. Rudi nyuma utafute nomino ambayo kiambishi hicho kinaielekea.

Hatari ya pili ni ndugu wa uongo. Luganda na Kiswahili ni jamaa wa damu, na jamaa ndio wanaodanganyana vizuri. Okulinda kwa Luganda ni kungoja. Kulinda kwa Kiswahili ni kuhifadhi kitu kisidhurike. "Alimlinda usiku kucha" haisemi kwamba alimngojea. Okuwa kwa Luganda ni kutoa ukampa mtu, wakati kuwa kwa Kiswahili ni hali. Okutunda ni kuuza. Kutunda kwa Kiswahili ni kuchuma matunda. Msomaji hasimami kwenye maneno haya kwa sababu anadhani anayajua, na hapo ndipo hadithi inapompotea pole pole bila yeye kujua. Neno geni kabisa halina hatari hiyo, maana linamsimamisha. (Neno lenyewe la kusoma lina historia yake kwetu: Waganda wa kwanza walioingia dini waliitwa abasomi, na hadi leo mtu anayekwenda kanisani anaweza kusema anakwenda kusoma.) Wenzetu wanaosema lugha za Kiluo au Ateso hawana mtego huu, ila wana kazi kubwa zaidi kwenye ngeli. Barua zao zingetufundisha mengi.

Halafu kamusi. Lalamiko la kawaida ni kwamba "neno halimo", na mara nyingi limo. Nomino huorodheshwa kwa umoja: nyuso iko kwenye uso, kuta iko kwenye ukuta, ndimi iko kwenye ulimi, meno yako kwenye jino, vyombo viko kwenye chombo. Kitenzi huorodheshwa kwa mzizi wake bila viambishi: "hawakumwendea" ondoa ha, wa, ku na mw, ubaki na endea, ambayo utaikuta chini ya enda. Vitenzi vya silabi moja ndivyo vinavyowashinda wengi. "Wamekufa" haiko kwenye K; iko kwenye F, chini ya fa. "Alipokula" iko kwenye L, chini ya la. Ukizoea kuvua neno nguo zake hivyo, kamusi moja ya kawaida inatosha kwa miaka mingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya mwaka 2015, zote zinaeleza Kiswahili kwa Kiswahili, na hilo ni bora kuliko zile za kutafsiri kwa Kiingereza, kwa sababu maelezo yenyewe ni somo.

Usitafute kila neno. Chagua ukurasa mmoja wa katikati kabla hujanunua, usome wote, uhesabu maneno usiyoyajua. Yakiwa matano au sita, endelea na kitabu na uyaache mengine yaeleweke kwa muktadha. Yakipita kumi na tano, kiweke kando uanze na kingine. Kwa anayeanza napendekeza tamthilia, maana sentensi zake ni za kusemwa na hazirefuki, kisha hadithi fupi, kisha riwaya. Ushairi wa vina na mizani uje baadaye. Si mgumu kwa mawazo, ila mshairi anayebana mizani nane upande wa kwanza na nane upande wa pili hukata maneno ili yaingie: "amekuja" inakuwa "mekuja", "sikuambii" inakuwa "sikwambi". Maneno hayo yaliyokatwa hayamo kwenye kamusi. Njia ya kuyafumbua ni kusoma kwa sauti, kusimama kwenye kina cha kati, na kuhesabu silabi kwa vidole.

Wasomaji waseme pia walivyokipata kitabu na kwa bei gani. Vitabu vingi vya fasihi ya Kiswahili vinavyouzwa hapa vimechapwa Nairobi au Dar es Salaam, vinaingia kwa Busia na Malaba au kwa Mutukula, na duka la Kampala huagiza vichache kwa sababu haliamini kama vitanunuliwa. Kitabu kimoja kikiagizwa peke yake kwa basi, nauli ya kifurushi inaweza kukaribia bei ya kitabu. Vitabu kumi katika kifurushi kimoja vinagawana nauli hiyo hiyo, au inaongezeka kidogo tu. Kwa hiyo watu kumi wa mtaa mmoja waandike orodha yenye mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka na ISBN, wampe mtu mmoja akusanye fedha kabla ya kuagiza, na risiti ya duka iwekwe ndani ya kifurushi ili asiulizwe maswali mpakani. Kinachoharibika kila mara ni kuagiza kwa jina la kitabu tu. Unaletewa mwongozo.

Ukinunua mkononi au kwenye meza za barabarani, kagua kabla ya kutoa pesa. Kurasa za kitabu hukunjwa kwa mafungu ya 16, wakati mwingine 32, ndiyo maana kurasa zinapopotea hupotea kwa fungu. Tazama kati ya 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, uendelee hivyo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika moja. Nakala ya wizi ina alama zake: wino una madoa ya kijivu pembeni, mistari inainama kidogo kwa sababu imepigwa picha kutoka kitabu kingine, pambizo la ndani ni jembamba hadi maneno yanazama kwenye gundi, na rangi ya jalada imefifia kama nguo iliyofuliwa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hiyo inahusu pia zile faili za kurasa zilizopigwa picha zinazozunguka kwenye simu. Kwa macho yangu ni usomaji mbaya hata ukiacha sheria: herufi ni ndogo, kila ukurasa unauvuta kushoto na kulia, na anayetaja ukurasa anataja namba ya picha, ambayo kwa sababu ya jalada na kurasa za mwanzo inapishana na namba ya kitabu.

Kuhusu kuazimana sitarefusha. Maktaba ya kijiji ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu, na sanduku bado ni mwanzo mzuri. Vitabu 30, daftari moja lenye safu za jina la kitabu, namba ya nakala, mwazimaji, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, kitabu kimoja kwa mtu mmoja, siku 21. Mtu anayesoma kurasa 12 kwa siku anamaliza kitabu cha kurasa 180 kwa siku 15, na sita zinazobaki ni za misiba, umeme kukatika na uvivu. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni kwa matofali kwa sababu ya mchwa, lisiegemee ukuta wa nje wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na vitabu visifungwe ndani ya mifuko ya plastiki, kwani unyevu ukishaingia humo hautoki na ukungu unaota kwenye gundi. Uti wa kitabu uliopasuka unashikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kidogo, na kukandamizwa chini ya uzito usiku mzima. Mkanda wa gundi wa dukani unageuka rangi ya chai na kuchukua maandishi pamoja nao.

Kwa hayo yote, barua ya msomaji haihitaji kuwa ndefu. Maneno 100 yanatosha, mfano huu:

"Nasoma Kuli ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka kwanza mwaka 1979, Tanzania Publishing House. Inahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Nimefika katikati, ukurasa wa [namba], Rashidi ameshaingia kazini. Nakala yangu nimeazima. Nilihesabu kurasa, hakuna fungu lililopotea. Kiswahili chake ni cha Unguja: mazungumzo ni mepesi, maneno ya bandarini yananisimamisha, matatu au manne kwa ukurasa. Nilidhani ni kitabu cha siasa tupu, kumbe nusu yake ni njaa ya nyumba moja. Anayetaka kuanza riwaya ya kwanza na amewahi kuona watu wakishusha mizigo Port Bell hatapata shida. Swali langu: kuna mwenye toleo la karibuni, na kurasa zake ni sawa na za zamani?"

Lile swali la mwisho msilikate, hata nafasi ikibana, maana ndilo litakaloleta barua ya wiki inayofuata. Ikibidi kupunguza kitu, punguzeni picha ya jalada. Jalada tutaliona dukani.

Mkutubi mstaafu,
Jinja